Petroli ya bei ya juu: unalipia mafuta au unalipia jina?

Leo naomba kuweka kompyuta kando kidogo. Najua wengi wenu hupita hapa mkitafuta habari za programu, simu na intaneti, lakini swali la leo nimeulizwa mara nyingi mno, na kila nikilijibu kwa mdomo najikuta nachora michoro kwenye kiganja. Heri niandike mara moja. Nikiulizwa tena nitatuma anwani ya ukurasa huu tu :-)

Jumamosi moja binamu yangu mwenye bodaboda alipita nyumbani hapa Manyatta. Pikipiki ilikuwa inakohoa. Ikipanda mlima kidogo inakufa, ikiwashwa asubuhi inagoma. Akaniambia, "Omera, wewe umesoma hizi vitu. Siku hizi naweka ile petroli ya bei ya juu, lakini bado inakohoa. Niongeze nini?"

Nikamjibu kwamba mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, siyo injini. Akacheka. Kwa watu wa kwetu, mtu akishajua kompyuta basi anajua kila kitu chenye waya, pamoja na redio ya nyanya na jiko la gesi. Lakini swali lake halikuniacha. Huyu ni mtu anayehesabu shilingi tano tano, na bado kila siku alikuwa akilipa zaidi kwa kila lita kwa sababu aliamini anaitunza mashine inayomlisha. Je, alikuwa anaitunza kweli?

Jibu langu fupi: kwa wengi wetu, hapana. Jibu refu ndilo hili hapa, na lina "lakini" kadhaa ambazo ni haki yenu kuzisikia.

Kwanza, petroli inatoka wapi?

Wengi hudhani kila kampuni ina mafuta yake. Kwamba yenye nembo nyekundu na njano ina kisima chake, yenye nembo ya buluu ina chake, na kile kituo kidogo kisicho na jina kule barabara ya nyuma kinachota mahali pabaya. Sivyo ilivyo.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo petroli inayouzwa Kenya huja ikiwa tayari imesafishwa, kwa meli. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa wa zabuni ya wazi: kampuni moja inashinda, inaleta shehena kwa niaba ya zote, kisha wanagawana. Kuanzia Aprili 2023 ukaja mpango wa serikali kwa serikali, mafuta yakanunuliwa kwa mkopo kutoka Saudi Aramco ya Saudia na ADNOC na ENOC za Falme za Kiarabu. Utaratibu ulibadilika, lakini jambo moja lilibaki vile vile: meli moja hubeba mafuta ya kampuni nyingi.

Kutoka Mombasa mafuta huingia kwenye bomba la Kenya Pipeline. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978 kati ya Mombasa na Nairobi, na mwaka 1994 likafika Nakuru, Eldoret na hapa kwetu Kisumu. Ndani ya bomba hilo hakuna njia ya kampuni hii na njia ya kampuni ile. Wanasukuma supa, halafu dizeli, halafu mafuta ya taa, fungu baada ya fungu, moja likisukuma jingine. Pale mafungu mawili yanapokutana huchanganyika kidogo, na ule mchanganyiko hutengwa.

Kwa wale waliosoma mitandao, tayari mmeshatabasamu. Ni waya mmoja unaobeba ujumbe wa watu wengi kwa zamu! Kampuni ikiingiza lita milioni moja Mombasa, haitoi Kisumu zile lita zenyewe. Inatoa lita milioni moja za aina ile ile. Ni kama pesa kwenye simu: ukimtumia mama elfu moja, hapokei noti uliyompa wakala wewe.

Mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, kampuni za intaneti zilianza kushindana kwa matangazo, kila moja ikisema yake ndiyo ya kasi. Wengi wao walikuwa wananunua nafasi kwenye kebo zile zile. Tofauti ilikuwa kwenye kipande cha mwisho: waya unaofika kwako, idadi ya watu wanaougawana, na kama wakipigiwa simu wanapokea. Petroli ni hivyo hivyo. Shikeni hilo la kipande cha mwisho, nitalirudia.

Basi ile ya bei ya juu ina nini?

Kwa kawaida ni petroli ile ile ya msingi, halafu wakati lori linapopakia huongezewa dawa. V-Power ya vituo vya Shell na Excellium ya TotalEnergies ndiyo majina ambayo wengi wetu tumeyasikia. Kinachosifiwa zaidi katika matangazo ni dawa za kusafisha: zinazuia masizi kuganda kwenye injekta na vali, na zingine hupunguza msuguano.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hilo la kwanza, nalo ni okteni. Okteni ni namba inayopima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujilipukia yenyewe kabla plagi haijatoa cheche. Injini inayobana sana, au yenye tabo, inataka namba kubwa. Ukiipa namba ndogo utasikia inagonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Injini isiyobana sana haina haja na namba kubwa.

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Okteni kubwa haimaanishi nguvu nyingi ndani ya lita. Ni uvumilivu tu. Ukimpa mpishi wa chapati kinga ya moto ya wazima moto, chapati hazitakuwa tamu zaidi. Kinga ni nzuri, lakini moto wake si wa kiwango hicho.

Majina yana hila ya zamani

Angalieni jina "supa". Wazee wetu wanakumbuka enzi za regula na supa kwenye pampu mbili tofauti. Regula ilipotoweka, supa ikabaki peke yake. Kwa hiyo leo ya kawaida ndiyo inayoitwa supa, na ya juu zaidi imelazimika kutafutiwa jina jingine. Kesho wakileta nyingine juu yake sijui wataiitaje!

Historia ya kulipia jina ni ndefu. Mwaka 1923, mjini Dayton, Ohio, huko Marekani, kituo kimoja kilianza kuuza petroli mpya iliyoitwa Ethyl, kwa bei ya juu kuliko ya kawaida. Kweli ilizuia injini kugonga. Jina halikutaja kilichokuwa ndani: risasi, yaani madini yenye sumu. Ikauzwa dunia nzima kwa miongo mingi kama petroli bora, huku watoto wakiivuta kwenye moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Sisemi petroli za leo zina sumu hiyo. Nasema tu kwamba tangu siku ya kwanza, neno lililoandikwa kwenye pampu halijawahi kuwa maelezo ya kiufundi. Ulizeni namba, msiulize jina.

Gari lako linataka nini hasa?

Magari mengi ya Kenya ni yale yaliyotumika Japani, yakaletwa kabla hayajapita miaka minane. Probox, Vitz, Fielder, Demio, yote hayo. Japani wana petroli mbili: ya kawaida, yenye okteni isiyopungua 89, na ya juu, isiyopungua 96. Vitz iliyozaliwa kunywa ile ya 89 imekuja Kisumu ikakuta supa yetu iko juu ya hapo. Tayari inakunywa bora kuliko ilivyozoea kwao. Kuipandisha tena ni kumnunulia samaki maji ya chupa.

Pikipiki za bodaboda ni rahisi zaidi. Boxer na ndugu zake zimetengenezwa kwa ajili ya barabara za India na Afrika, na watengenezaji walijua petroli ya huko ikoje. Ndiyo maana fundi wa chini ya mti anaweza kuifungua na kuifunga kwa spana mbili.

Wanaohusika kweli ni wachache: wenye Subaru za tabo (mnajijua, tunawasikia usiku pale Kondele), baadhi ya magari ya Ujerumani, na injini mpya zinazobana sana. Fungua kitabu cha gari au soma kibandiko ndani ya mfuniko wa tanki. Kikisema lazima petroli ya juu, fuata. Lakini hata hapo, muulize muuzaji okteni ya anachokuuzia ni ngapi. Akikujibu "hii ni ya nguvu, boss", hajajibu.

Nikubali upande wa pili

Nisije nikaonekana nachagua ushahidi. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha majaribio mawili, na yanaelekea pande mbili tofauti.

La kwanza: walitia petroli ya okteni ya juu katika magari yaliyotengenezewa ya kawaida. Hawakuona faida yoyote ya maana, si kwa nguvu, si kwa matumizi, si kwa moshi. Wakakadiria Wamarekani walikuwa wamepoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa njia hiyo.

La pili: walilinganisha petroli zenye dawa nyingi za kusafisha na zile zenye kiwango cha chini tu kinachotakiwa na sheria. Baada ya kama maili 4,000, injini zilizotumia zile za kiwango cha chini zilikuwa na masizi mara 19 zaidi.

Mara 19! Kwa hiyo dawa za kusafisha si porojo. Atakayekuambia "ni rangi tu wanatia" naye anakudanganya. Lakini soma vizuri: jaribio hilo halikuhusu petroli ghali dhidi ya rahisi. Kule Marekani dawa hizo nzuri huwekwa na kampuni nyingi hata kwenye petroli yao ya kawaida. Swali la dawa na swali la bei ni maswali mawili, na matangazo hupenda tuyafanye moja.

Pia, masizi hayaji kwa siku moja. Mwenye gari anayetaka kusafisha injekta anaweza kujaza tanki la ile ya juu mara chache kwa mwaka, kama vile mtu anavyokunywa dawa ya minyoo. Hakuna anayekunywa dawa ya minyoo kila asubuhi na chai.

Nami nikapima

Huwezi kuwa mwandishi wa programu halafu ukaamini bila kupima. Nilichukua gari dogo la nyumbani, nikaweka risiti zote, nikaandika kilomita kila nilipojaza tanki hadi juu. Matanki kumi ya supa, matanki kumi ya ile ya juu, nikibadilishana. Programu ya mistari thelathini ikanitolea wastani.

Ile ya juu ilishinda kwa chini ya asilimia 2. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, hadi nilipoangalia matanki ya supa peke yake: lenye matokeo bora na lenye matokeo mabaya yalitofautiana kwa asilimia 11. Gari lile lile, petroli ile ile, dereva yule yule. Tofauti hiyo ililetwa na nini? Foleni ya Kondele, mvua, wiki niliyoenda Busia barabara ikiwa wazi, siku pampu ilipokatika mapema nikadhani tanki limejaa. Kelele ilikuwa kubwa kuliko wimbo. Gari moja halithibitishi kitu kwa dunia nzima, lakini lilinitosha kujua kwamba mtu anayesema "mimi nimeona tofauti kabisa" baada ya tanki moja amesikia kelele akadhani ni wimbo.

Hesabu ya binamu yangu

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo penye uchungu. Tofauti ya bei hubadilika kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo tuchukue mfano wa namba rahisi. Tuseme supa ni shilingi 180 na ile ya juu ni 198. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 10. Ili isikutie hasara, kila lita lazima ikupeleke mbali zaidi kwa asilimia 10. Siyo "kidogo". Asilimia 10 kamili, kila siku.

Mwendesha bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku analipa shilingi 54 zaidi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,404 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 16,848.

Kiwango cha chini cha mchango wa bima ya afya ya SHA kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi. Nyongeza ya petroli ya mwezi mmoja ingemlipia zaidi ya miezi minne. Na ingebaki ya kubadilisha oili kwa wakati, kununua plagi mpya na kichujio cha hewa, vitu ambavyo faida yake kwa injini haina ubishi. Binamu yangu alikuwa anapitisha wiki mbili juu ya muda wa oili ili apate pesa ya petroli "nzuri". Nilipomwandikia namba hizo nyuma ya risiti alinyamaza kabisa. Si kawaida yake.

Kilichokuwa kinaua pikipiki

Mnakumbuka nilisema tushike la kipande cha mwisho? Tulipeleka pikipiki kwa fundi hapa hapa mtaani. Akafungua bakuli la kabureta, akamwaga kilichokuwa ndani kwenye chupa ya glasi, akaiweka juani. Baada ya dakika chache tukaona tabaka mbili. Juu petroli, chini maji, na chini ya maji uchafu mweusi kama kahawa.

Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na ndiko injini inakonyonya. Dawa ya kusafisha masizi haiwezi kugeuza maji kuwa petroli. Hiyo ni miujiza, na ilishafanyika mara moja kwa divai tu.

Yalitoka wapi? Binamu yangu alipofikiria alikumbuka kwamba usiku, vituo vikiwa mbali au pesa zikiwa kidogo, alikuwa akijaza ya chupa kando ya barabara. Mchana anaweka ya bei ya juu, usiku anaweka ya chupa. Ni kama mtu anayenunua programu ghali ya kuzuia virusi, halafu anachomeka kila flashi anayookota.

Tatizo la kuchanganya ni la zamani. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi sana kuliko dizeli na petroli, wafanyabiashara waovu waliyatia humo wakapata faida. Mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Kwa upande wa injini ilikuwa na mantiki. Lakini aliyelipa ni nani? Mama wa Manyatta mwenye jiko la mafuta na taa ya koroboi, ambaye hajawahi kuchanganya chochote. Oktoba 2023 mafuta ya taa Nairobi yalikuwa shilingi 205.06 na dizeli 205.47. Senti 41 tu katikati yao. Mwizi alizibiwa njia, na maskini akakabidhiwa bili ya mlango.

Ndiyo maana sipendi tunapogeuza ubora wa mafuta kuwa kitu cha kununua kwa hiari. Petroli isiyo na maji wala mafuta ya taa si huduma ya wakubwa. Ni haki ya anayelipia supa ya kawaida, na EPRA wapo kwa ajili hiyo. Wao hupita vituoni wakipima kwa alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta ya taa na yale ya kwenda nchi jirani. Ikionekana ndani ya tanki la kituo, kuna mtu wa kujibu.

Na kile kisa cha 2022

Kuna jambo moja linalonikera zaidi ya masizi. Tangu Desemba 2010 bei za mafuta Kenya zina kikomo. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza, na tangazo lina bidhaa tatu: supa, dizeli na mafuta ya taa. Ile ya bei ya juu haimo. Muuzaji hujipangia.

Machi na Aprili 2022 nchi ilipata uhaba, kampuni za mafuta zikidai serikali ilikuwa haijalipa fedha za ruzuku. Kisumu tulipanga foleni kama watu wa maji. Siku moja nilikaa saa mbili kwenye foleni ya kituo kimoja, sitakitaja, na nilipofika mbele mhudumu akaniambia kwa upole, "Supa imeisha, ndugu. Iko tu ile ya juu." Nyuma yangu kulikuwa na pikipiki kama hamsini. Wote tulinunua.

Sikuweza kuona ndani ya matanki yao, na huenda supa ilikuwa imeisha kweli. Lakini fikirini mpangilio wenyewe: bidhaa mbili zenye msingi mmoja, moja ina kikomo cha bei na nyingine haina. Siku ya uhaba, muuzaji ana sababu gani ya kuhakikisha yenye kikomo haiishi kwanza? Katika kazi yangu tungesema hilo ni tundu kwenye mfumo. Huhitaji kuthibitisha kwamba mtu amepita ndipo uzibe. Maoni yangu: kituo kinachouza ya juu kilazimike kuwa na supa, au siku supa ikiisha, ya juu iuzwe kwa bei ya supa. Mstari mmoja kwenye kanuni.

Kwa hiyo nifanye nini?

Haya, kwa wasiopenda kusoma yote (nawajua, mmeshuka moja kwa moja hadi hapa):

1. Soma kitabu au kibandiko cha gari. Kama hakidai petroli ya juu, supa inatosha.

2. Chagua kituo kabla ya kuchagua pampu. Kituo chenye wateja wengi, mafuta yake hayakai. Kituo chenye tanki chafu kitakuuzia uchafu kwenye pampu zote mbili.

3. Ukishuku, tumia chupa safi ya glasi. Acha itulie. Maji utayaona chini. Pia dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha alama, ya kuchanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Siyo maabara, lakini inasaidia. Fanya mbali na moto na sigara, tafadhali!

4. Chukua risiti. Bila risiti hakuna pa kulalamikia.

5. Pesa ya nyongeza ipeleke kwenye oili, plagi, vichujio na upepo wa matairi.

6. Kama una uwezo na unapenda ile ya juu, weka. Ni pesa zako. Nami nina kibodi ya bei ambayo mke wangu haijui, na haifanyi programu zangu zikose hitilafu.

Binamu yangu alirudi kwenye supa. Fundi alisafisha tanki na kabureta kwa mia tano, na pikipiki ikaacha kukohoa siku ile ile. Ya chupa ameiacha, ingawa anakiri kuna usiku mmoja au miwili... Wiki iliyopita alipita tena akanionyesha kadi yake ya SHA kwenye simu, imelipwa. Halafu akaniuliza kama ni kweli simu ikichajiwa usiku kucha inaharibika.

Hiyo ni ya siku nyingine.